Namba Niliyoikoleza kwa Penseli

Wairimu,

Nakusikia huko chini gereji ukifungua na kufunga buti, ukipanga upya mizigo uliyokwisha kuipanga. Akina mama wa kanisa wameondoka, sufuria zao za pilau na mukimo ziko jikoni, nami nimewaambia wote kwamba naenda kujilaza. Sijalala. Nimekaa kando ya dirisha, blanketi magotini, nikikuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu siku zote kimekuwa cha ofisini. Najua utasoma polepole, midomo ikicheza, kama ulivyokuwa ukisoma Biblia ya nyanya yako. Usiharakishe.

Sitakueleza habari za kupima oili, wala za kujaza petroli mapema, wala za kunipigia simu ukifika Atlanta unakohamia. Hayo unayajua. Kama ningekuwa na maneno ya namna hiyo peke yake ningekuita upande ngazi tukanywa chai. Nina jambo lililonishinda kusema tukiwa tumetazamana, na ni lazima ulijue kabla hujasimama kesho asubuhi mlangoni kwa Bi Odessa kule Springfield. Injini iliyo ndani ya gari lako si ya marehemu mume wake. Nimelijua hilo tangu majira ya baridi, na nimekunyamazia.

Basi, nimeshaliandika. Niliogopa mkono ungekataa.

Mengine ninayoandika hapa si ya kujitetea. Nataka tu ujue lilivyotokea, kwa sababu wewe ni mtu wa kutaka kujua kitu kilivyovunjika kabla ya kuamua kama kinatengenezeka.

Unakumbuka nyumba hii ilivyokuwa baada ya kumzika mama yako. Ulikuwa ukirudi kutoka zamu, unavua viatu vya hospitali mlangoni, unaniuliza kwa Kiingereza kama nimekula, nakujibu kwa Kiswahili kwamba nimekula, na maongezi yameisha. Kila mtu na simu yake mpaka usingizi. Ndipo siku moja ukasema unataka kujenga gari la zamani la Kimarekani, yale ya boneti ndefu na silinda nane, yaliyotengenezwa kwa kukimbia na kwa kupiga kelele. Nilicheka mpaka nikakohoa. Muuguzi, na mwalimu wa fizikia mstaafu mwenye figo zilizochoka. Mimi kwa kazi si fundi. Kule Nyeri nilifundisha, na huku Marekani nimezeekea Sterling, kwenye yale majengo makubwa ya kompyuta yasiyo na madirisha, nikichunga mashine za kupoza hewa. Lakini ulipolisema nilikuona usoni umeamka, nami nikawa tayari kujifunza chochote.

Kisha tukampata Bi Odessa, mjane Mmarekani aliyekuwa akiuza gari la namna hiyo. Gari lilikuwa gerejini kwake chini ya turubai, zima kabisa isipokuwa mahali pa injini palikuwa wazi kama mdomo usio na meno. Wewe uliingia chini yake mara moja na tochi. Mimi nikabaki na mwenye gari, na mshangao wangu ni kwamba alinisalimu kwa Kiswahili. Alijifunza akiwa msichana, akifanya kazi maktaba, kwenye madarasa ya jioni hapo mjini. Aliposikia nilikuwa mwalimu, hakuniita jina lingine tena.

"Mwalimu," alisema, "kitabu changu kilisema nikuamkie shikamoo. Lakini nadhani mimi ni mkubwa kwako."

Nikamwambia asijali, sisi watu wa Nyeri shikamoo yenyewe hatuijui vizuri. Alicheka akashika mlango.

Alinieleza polepole, akichagua kila neno. Mume wake alikuwa akifanya kazi usiku, na yeye alikuwa halali vizuri mpaka asikie gari lile likirudi alfajiri. Akilisikia kutoka mbali alijua mumewe yu salama, akageuka upande wa pili akalala. Mwaka mumewe alipopoteza kazi, aliitoa ile injini akamwachia mtu kama rehani, akisema ataitafuta mambo yakikaa sawa. Hayakukaa sawa mapema, na baadaye mtu yule hakuonekana. Ulipotoka chini ya gari ukiwa na utando wa buibui kwenye nywele, alikushika mkono akakwambia maneno ambayo wewe uliyaelewa yote bila mimi kukutafsiria.

"Binti, ukiipata injini ile, niletee nisikie. Si nyingine. Ile."

Ukamwahidi.

Hapo ndipo zilipoanza Jumamosi zetu. Sijui kama uliwahi kuhesabu yadi za vyuma chakavu tulizozunguka. Mimi nimeacha kuzikumbuka kwa majina, nazikumbuka kwa matope. Nilisoma usiku na kukufundisha asubuhi ndani ya gari, kama zamani nilivyokuwa nikilitangulia darasa kwa ukurasa mmoja. Kwamba bloki ya injini ina namba za aina mbili. Zipo zilizotokeza nje ya chuma, ambazo zilikuwa kwenye kalibu tangu chuma kikiwa uji wa moto, na hizo zinasema bloki ni ya ukubwa gani na imemiminwa lini. Na zipo zilizodidimia, zilizogongwa kwa nyundo baadaye kiwandani, ambazo zinasema injini iliwekwa kwenye gari gani. Za kwanza huzaliwa na chuma. Za pili ni mtu amezitia. Kwa hiyo anza na zilizotokeza, nilikwambia, halafu uje kwa zilizodidimia.

Ulinipita haraka. Ulijifunza kuigonga krankshafti, mhimili wa injini, kwa nyundo ndogo na kusikiliza: ya kufuliwa inalia kama kengele na kuendelea kulia, ya kumiminwa inasema neno moja fupi na kunyamaza. Kuna yule mtu aliyetuletea silinda hedi mbili zimepakwa rangi zinang'aa. Mimi nilizipenda. Wewe ulitoa funguo mfukoni ukakwangua pembeni, ukamuuliza kwa upole kwa nini kitu cha umri ule kimevishwa nguo mpya, na chini ya rangi palikuwa na ufa uliojazwa gundi ya chuma. Njiani nilijifanya nasinzia ili usione nilivyokuwa nikijivunia.

Sasa nije Sterling, kwa Dieudonne. Tulimpata kupitia kijana wa kanisa lao la Wakongomani. Ana kile kibanda nyuma ya duka la matairi, injini zimepangwa ukutani kama mizigo ya kituo cha basi, na yeye mwenyewe mdomo haupumziki. Alituonyesha moja iliyokuwa nyuma kabisa, imegandwa na grisi, upande wake wa nyuma umebanwa ukutani. Alisema tu kwamba aliikuta mahali hapo alipokichukua kibanda. Kumbuka hilo: hakutudanganya chochote. Namba ya ukubwa tuliifikia, ikawa sawa. Tarehe ya kumiminwa ilikuwa nyuma, ukutani. Ningeweza kumwomba aisogeze kwa winchi. Ulisema hivyo, kwamba tuisogeze. Nikasema tutaiona nyumbani.

Unajua kwa nini? Mimi nimekulia mahali ambapo askari akikusimamisha hataki kujua chuma chako kilimiminwa mwezi gani. Anataka namba iliyogongwa, ilingane na kitabu cha gari. Nilipokuwa na gari langu la kwanza Nyeri, mkaguzi alikuwa anaweka karatasi juu ya namba, anapitisha penseli juu yake mpaka tarakimu zinajitokeza, anailinganisha na kitabu, basi, wewe ni mtu mwaminifu. Mwili wangu uliamini karatasi ile kuliko vitabu vyote nilivyokuwa nimekusomea. Nikatoa karatasi na penseli. Ulishika tochi. Sehemu ile ilikuwa imeliwa na kutu. Tarakimu za mwanzo zilikuja vizuri, zikalingana na za gari. Za mwisho zilikuwa nusunusu. Moja ingeweza kuwa tatu, ingeweza kuwa nane. Tuliyoitaka ilikuwa tatu.

Wairimu, nilikuwa nimeinama nikakukinga usione vizuri, na mkono wangu ulikoleza penseli mahali nilipotaka ikolee. Sikujiambia kwamba nadanganya. Nilijiambia naisaidia penseli. Nikainua karatasi, na pale pakawa na tatu.

Dieudonne naye alikuwa amechoka kutungoja. "Papa," akasema, "hii moteur unaiangalia sawa vile unataka kuioa. Beba tu, wende nayo."

Wewe hukucheka. Ulinitazama ukaniuliza, na uliuliza kwa Kiswahili, wewe ambaye Kiswahili unakitumia kwa wagonjwa wazee na kwa kukiombea chakula baraka. "Baba, ni yenyewe?"

"Ni yenyewe," nikasema.

Kabla hatujafika nyumbani Wheaton ulikuwa umeshampigia Bi Odessa. Uliweka sauti wazi ili nami nisikie. Akasema, "Asante, binti. Mwambie Mwalimu asante." Halafu tukamsikia akilia, nawe ukalia ukiendesha, nikakwambia uangalie barabara.

Nilikuwa na furaha kweli. Sitaki uniwazie kama mtu aliyekuwa na hila tangu mwanzo.

Asubuhi moja ya majira ya baridi ulikuwa zamu, na mimi nilikuwa na nguvu kidogo kwa sababu jana yake walikuwa wamenisafisha damu na haikunichosha kama kawaida. Nikashuka gerejini. Injini ilikuwa kwenye stendi yake katikati, wewe ulikuwa umeiosha yote ukaacha mgongo. Nikachukua brashi ya waya nikaanza kusugua, kwa raha tu, ili ukirudi ukute kazi imefanyika. Grisi ikatoka, na tarehe ikatokeza: herufi ya mwezi, siku na mwaka. Ilikuwa Oktoba. Gari la Bi Odessa, kwa kile kibati chake chenye tarehe kilichopigwa ribiti kwenye bodi, liliunganishwa kiwandani mwezi wa nne wa mwaka uleule. Wakati mume wake akirudi nyumbani alfajiri na mke wake akigeuka kulala, hii bloki ilikuwa bado haijawa kitu.

Nilikaa juu ya ndoo. Nilijaribu kwanza kuikataa hesabu. Pengine kibati si cha gari hili. Pengine herufi ni nyingine, imeliwa upande. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi kwamba kipimo hakijali mpimaji anatamani nini, na siku ile nilikuwa nabishana na kipimo kama mzazi aliyeitwa shuleni.

Halafu nikachukua kopo la rangi. Ile ya machungwa uliyoichagua. Nikaanza kupaka kutoka nyuma, mara mbili, nzito, mpaka herufi ikawa kama kovu ambalo mtu haulizi. Uliporudi ulikuta nimeshafika ubavuni. Uliniuliza kwa nini sikukungoja, tulikuwa tumekubaliana kupaka pamoja. Kisha ukanitania kwamba Mwalimu amekuwa mwanafunzi mtundu. Ukavaa glavu ukaendelea pale nilipoishia. Tulipaka mpaka jioni, tukasikiliza redio.

Kwa muda mrefu nilijiambia nimefanya hivyo kwa ajili ya Bi Odessa. Mama mzee, amefurahi, nani atamnyang'anya. Hilo linasikika vizuri, na si kweli. Nilifanya kwa ajili ya Jumamosi. Ungejua injini si ile, ungeiweka kando siku hiyohiyo, nakujua, ungesema tuanze upya. Daktari alikuwa ameshaniambia nisipange mambo ya mbali. Kutafuta upya kulikuwa na muda ambao mimi sikuwa nao. Nilitaka kuliona gari likitoka gerejini na wewe ndani yake. Niliitaka siku hiyo kuliko nilivyoutaka ukweli, na nikailipia kwa ahadi yako, bila kukuuliza.

Lipo lingine, kubwa zaidi. Nilidhani ningekufa nalo, lakini siwezi kukiri dogo nikaliacha hili.

Mama yako alipolazwa mara ya mwisho wewe ulikuwa kwenye mitihani yako ya mwisho ya uuguzi. Ulipiga simu kila jioni. Nilikujibu kwamba anaendelea vizuri, soma. Ulipofika hatimaye alikuwa amekwisha kuacha kusema. Alikushika kidole tu. Tulipotoka kwenye korido uliniuliza, kwa sauti ya mtu anayejifunza kazi ile, kama madaktari hawakuona mapema kwamba inakuja. Nikasema hawakuniambia.

Waliniambia. Daktari alinikalisha chini akaniambia niwaite watoto, na watoto ni wewe peke yako. Siku hiyohiyo jioni nilikwambia anaendelea vizuri. Yeye mwenyewe aliniuliza, "Wairimu anakuja?" Nikamwambia ana mitihani. Akasema, "Mwache afanye," lakini macho yalibaki mlangoni.

Ulifaulu mitihani. Nimekuona miaka hii yote ukiwapigia simu jamaa za wagonjwa wako mapema kuliko inavyotakiwa, hata ukagombezwa kazini kwa hilo, na sikuwahi kukuuliza kwa nini.

Nimejaribu kuona ni mtu wa namna gani anafanya hivi mara mbili. Si mtu asiyependa. Nadhani ni mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa, anayeamini kwamba yeye ndiye wa kuamua wengine wako tayari kujua nini. Mwanafunzi hafundishwi sura ya kumi kabla ya sura ya tatu. Nikakufanya mwanafunzi, wewe na mama yako, na sasa Bi Odessa. Nikawa natunza amani yangu na kuiita huruma. Sina cha kukushauri juu ya hilo. Wewe tayari unaishi tofauti, na nafikiri ulijifunza tofauti hiyo kwa kuumizwa na mimi.

Usiogope injini yenyewe kwa safari. Ulipima silinda kwa mikono yako, krankshafti uliisikiliza ikilia, na kila nati uliikaza wewe. Ni injini nzuri na itakufikisha. Haina kosa lolote. Ni mimi niliyeipa jina la mtu mwingine.

Barua hii nitaiweka kando ya sahani yako utakapopanda kula. Nitakuwa hapa dirishani. Ukitaka kunigombeza, nigombeze leo, nipo. Usibebe hasira hiyo mpaka Georgia peke yako, ukanirudishia kwa simu ya heshima ya Jumapili. Na usinisamehe harakaharaka kwa sababu naumwa. Wagonjwa unawajua, tunapenda kusamehewa kwa bei ya chini.

Ninaloomba ni moja. Nilijua wiki hii yote kwamba ningeweza kumpigia Bi Odessa simu nikamaliza. Nimeshika simu mara nyingi. Lakini yeye alilia tukimsikia, na hilo halirudishwi kwa simu. Wala sitaki uende wewe kumwambia, ukabeba mdomoni kosa ambalo hukulifanya. Nataka kesho unichukue mpaka Springfield. Nimempigia Dieudonne aje kunirudisha Wheaton wewe ukishaendelea na safari. Ilinibidi nimweleze kwa nini. Akasema, "Papa, weye hata moteur unaiungamia? Nakuya saa tatu." Halafu akauliza kama yule mama hupika.

Bi Odessa akitaka, baada ya kunisikia, kuisikia injini hii hivyohivyo, utaiwasha. Akisema hataki, utamuaga kwa heshima na kwenda zako, na mimi nitakaa naye kadiri atakavyoniruhusu kukaa. Akinifukuza nitamngoja Dieudonne barazani. Hayo yote ni haki yake, na nimechelewa kumpa.

Ila asiisikie kwanza. Mlio huo ukimfikia kabla ya maneno yangu, atakuwa ameshaamini tena, nami nitakuwa nimemfanyia mara ya pili. Kwa hiyo usiingie mtaani kwake. Simama mbali, zima injini, nitashuka. Nitakuja na fimbo yangu. Ni mwendo mrefu kwangu na utaona nimesimama njiani, labda mara kadhaa. Usinishike mkono, Wairimu, na usilete gari. Nitakuwa napumua tu. Mlango wa Bi Odessa nitaubisha mimi.

Baba yako